Kompyuta ilivyotuchorea mpaka tusioutaka

MWAKA 2016 shangazi yangu aliuza kipande cha kibanja chake kwa jirani. Mchoro wa mauziano niliuchora mimi, kwa kompyuta, na nilijivunia kazi ile. Miezi minne baadaye jirani alisimamisha nguzo za seng'enge juu ya njia ya kisimani, huku mchoro wangu ukiwa mkononi mwake. Na ukweli ni kwamba kwa jinsi mchoro ule ulivyokuwa, hakukuwa na mtu aliyeweza kumwambia kwamba amekosea.

Ndugu msomaji, nasimulia kisa hiki si kwa nia ya kumsema jirani, wala kuilaumu kompyuta. Kosa lilikuwa langu. Nakisimulia kwa sababu wengi wenu mnaosoma ukurasa huu ni watu waliorudi nyumbani baada ya miaka ya ukimbizi, au ni wafanyabiashara wa mipakani. Watu wa aina hizi mbili hawaishi bila karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimejifunza kwamba hata yenye daftari huweza kupotea, ikiwa mistari ya daftari hilo hukuichagua wewe.

Jioni nafundisha kompyuta katika chumba kimoja hapa Mengo, chini kidogo ya jengo la Bulange. Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima. Wapo waliozaliwa Tanzania, Kenya na Kongo wakarudi na wazazi wao, na wapo akina mama wanaopeleka na kuleta mizigo Mutukula, Busia na Elegu. Tunasoma kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tunayokutana nayo sote. Somo ninalowapa sasa kabla ya mengine yote ya uchoraji ni hili la mstari. Zamani nililiweka mwisho, na mara nyingi muda uliisha kabla hatujalifikia.

Mistari mitatu, sura moja

Kibanja cha shangazi kipo upande wa Kyotera, si mbali na barabara iendayo Mutukula. Wazee walipokubaliana juu ya mauziano, mambo yaliyotakiwa kuonekana katika mchoro yalikuwa matatu tu. La kwanza, mpaka wa zamani wa kibanja chote. La pili, mstari mpya wa kugawanya, ambao ulikuwa haujawekewa alama yoyote ardhini. La tatu, njia ya miguu iendayo kisimani, ambayo ingebaki upande wa shangazi na kutumiwa na watu wote kama ilivyokuwa tangu zamani.

Mwenye ardhi ya mailo alipewa nafasi ya kwanza ya kununua kama sheria inavyotaka, akakataa, akatoa ridhaa yake. Mwenyekiti wa kijiji, yaani wa LC1, alishuhudia. Kwa upande wa taratibu hatukuwa na doa.

Mimi nikakaa mbele ya kompyuta. Nikachukua chombo cha mstari nikachora mpaka. Nikachora mgawanyo. Nikachora njia. Yote mitatu ikatoka myeusi, miembamba, mizima bila kukatika, kwa sababu hivyo ndivyo programu ilivyoichora na mimi sikuiambia vinginevyo. Mgawanyo na njia vilikuwa vinakwenda sambamba, vikiachana kwa hatua saba hivi. Maneno "mpaka mpya" niliyaandika kwa herufi ndogo, yakakaa katikati ya mistari hiyo miwili.

Jirani alisoma mstari wa njia kuwa ndio mpaka wake. Seng'enge ikapita hapo. Kuanzia siku ile watoto wa nyumba sita walikuwa wakibeba madumu ya maji kwa kuzungukia barabara kuu, ambako malori hayapunguzi mwendo.

Shangazi alinipigia simu nikaenda. Alinipa ile karatasi akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye mwalimu. Hebu nioneshe njia iko wapi hapa." Nilipoweka kidole, jirani naye akaweka cha kwake kwenye mstari wa pili. "Mwalimu," akasema kwa adabu, "mimi nimenunua kilichomo kwenye karatasi. Mistari hii inafanana. Wewe umejuaje?" Mwenyekiti aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akaikunja na kusema tukutane siku nyingine.

Mstari unaochaguliwa usipochagua

Katika lugha ya kompyuta kuna kitu kinachoitwa chaguo-msingi. Maana yake ni hali ambayo programu inaitumia pale mtumiaji asiposema anataka nini. Ukiandika barua bila kuchagua aina ya herufi, herufi zinatokea tu. Vivyo hivyo ukichora mstari bila kusema uwe mnene kiasi gani, wa rangi gani na wa sura gani, mstari unatokea. Si kwamba mstari huo hauna uamuzi ndani yake. Uamuzi upo, ila ulifanywa na mtengenezaji wa programu ambaye hajui lolote kuhusu kisima cha Kyotera.

Nilisoma shule ya msingi Bukoba. Wazazi wangu walivuka Mutukula mwaka 1982, mimi nikiwa mgongoni, na hatukurudi hadi mwaka 1998. Katika somo la jiografia tulichora ramani kwa rula na kalamu ya risasi. Mpaka wa nchi ulikuwa kistari na nukta, kistari na nukta. Reli ilikuwa na vijiti vidogo vya kukata. Njia ya miguu ilikuwa vistari vifupi. Chini ya ramani ilikuwa lazima kuweka ufunguo wa alama, na bila ufunguo alama zilikatwa.

Kalamu ya risasi ilikuwa na faida moja ambayo sikuitambua wakati ule. Haikuchori mpaka uamue. Kabla hujagusa karatasi ilikubidi ujiulize, huu ni mstari wa nini? Kompyuta imeliondoa swali hilo. Inakupa mstari safi, ulionyooka, wenye sura ya kitaalamu, kabla hujajiuliza chochote. Karatasi yenye sura ya kitaalamu huaminika upesi kuliko ile ya mkono, hata kama haisemi kitu.

Mwenye macho ataona kwamba mababu zetu hawakufanya kosa hili. Upande wa Buganda mipaka ya vibanja hupandwa mmea wa luwaanyi. Nilipokuwa Bukoba niliona Wahaya wakipanda mmea wa jamii hiyohiyo, wao wakiuita mulamula. Wachagga wa Kilimanjaro wana masale. Mmea huu haukauki upesi, hauliwi, na hakuna anayeupanda katikati ya shamba bila sababu. Ukiuona umesimama kwa mstari, unajua huo ni mpaka, si njia wala ua la urembo. Kwa maneno mengine, mpaka una sura yake peke yake, na njia ina sura yake. Mimi mwenye kompyuta ndiye niliyekuja kuvichanganya.

Mengo na mistari ya kwenye karatasi

Hapa Mengo tunaishi juu ya kisa kikubwa zaidi cha namna hii. Mkataba wa Buganda ulitiwa saini tarehe 10 Machi 1900. Kwa upande wa Uingereza alikuwepo Harry Johnston, na kwa upande wa Buganda waliongoza wale wasimamizi watatu wa Kabaka Daudi Chwa aliyekuwa bado mtoto: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Ardhi iligawanywa kwa maili za mraba, na ndiyo maana mpaka leo tunaiita mailo. Mkataba ulikadiria kuwa Buganda ina maili za mraba 19,600, na ukatenga 8,000 kwa ajili ya machifu na wamiliki binafsi 1,000.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hesabu ziliandikwa kwanza, na upimaji ukafuata baadaye kwa miaka mingi. Watu walipata idadi ya maili kabla mtu hajajua mstari wa kila mmoja unapita wapi. Wakulima waliokuwa tayari wanaishi katika ardhi hiyo hawakuwa na mstari wowote katika karatasi ile. Ugomvi wa kibanja na mailo tunaousikia kila siku una mizizi hapo.

Mpaka wa Mutukula nao una hadithi yake. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani walitia saini mkataba huko Berlin, wakaamua kwamba maeneo yao yatenganishwe na latitudo ya digrii 1 kusini mwa ikweta. Mstari huo ndio unaotenganisha Uganda na Tanzania kutoka ziwani kwenda magharibi mpaka mto Kagera. Ni mstari wa rula. Haukufuata mto, mlima wala ukoo. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliuvuka na kutangaza kwamba mpaka ni mto Kagera, na vita vilivyofuata vilimwondoa madarakani Aprili 1979. Wasomaji wenye umri wangu na zaidi hawahitaji kuambiwa gharama ya mabishano yale juu ya mstari upi ni mpaka.

Wataalamu wa ramani wanajua uzito huu. Chukua ramani za Umoja wa Mataifa. Baada ya Sudan Kusini kupata uhuru tarehe 9 Julai 2011, mpaka wake na Sudan haukuchorwa kama mipaka mingine. Huchorwa kwa mstari uliokatika, pamoja na maelezo kwamba mpaka wa mwisho bado haujaamuliwa. Huko Kashmir, kati ya India na Pakistan, hutumika mstari wa nukta. Laiti mchoraji angeacha programu imwamulie, angekuwa ametangaza kwa niaba ya dunia nzima kwamba jambo limekwisha, wakati wenyewe hawajakubaliana.

Mstari mzima na mstari uliokatika

Lugha hii ya mistari haiishii kwenye ramani. Katika michoro ya ufundi, viwango vya kimataifa vinasema kingo zinazoonekana zichorwe kwa mstari mzima na mnene, kingo zilizofichika kwa mstari uliokatika, na mhimili wa katikati kwa vistari virefu na nukta. Fundi wa Katwe anayetengeneza kinu kwa kufuata mchoro akikosea hapo, tundu litatobolewa mahali pasipotakiwa.

Katika mchoro wa uongozi wa ofisi, mstari mzima humwonesha bosi wako halisi, na uliokatika humwonesha yule unayempa taarifa tu. Katika michoro ya watengenezaji wa programu za kompyuta, mshale mzima huonesha ombi linalopelekwa, na mshale uliokatika huonesha jibu linalorudi.

Wafanyabiashara nao wanalo la kwao. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja, mama anayeuza maharage kupitia Mutukula, aliniletea mchoro aliouandalia kikundi chao cha akina mama. Ulionesha hatua za kupitisha mzigo chini ya utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa bidhaa za nchi wanachama zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ambapo mfanyabiashara mdogo hupata cheti chepesi cha uasili palepale mpakani. Tangu kituo cha pamoja cha Mutukula kizinduliwe Novemba 2017, ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika mahali pamoja, katika nchi unayoingia.

Mchoro wake ulikuwa sahihi kwa kila hatua, lakini wenzake walikuwa hawauelewi. Mishale yote ilikuwa ya aina moja. "Mwalimu," akaniambia, "wanauliza kama gunia libebwe dirisha hadi dirisha." Kumbe mishale mingine ilikuwa ya mzigo na mingine ya karatasi. Tulibadilisha mshale wa mzigo ukawa mnene na mzima, na mshale wa karatasi ukawa mwembamba na uliokatika. Chini tukaweka ufunguo wa maneno mawili. Tangu hapo anasema hapigiwi simu za usiku.

Jinsi ya kubadilisha

Sasa tuingie jikoni. Nitaeleza kwa programu ya LibreOffice Draw, kwa kuwa ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta za zamani. Ni mtoto wa OpenOffice iliyotangulia. Wapo watakaokumbuka kwamba Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri OpenOffice ile kwa Kiswahili na kuiita Jambo OpenOffice.

Kwanza ujue ubaya wa mstari wake wa awali. Unene wake umewekwa sifuri. Sifuri hapo haina maana kwamba hauonekani. Maana yake ni mstari mwembamba kuliko wote ambao kioo au printa inaweza kuutoa. Kwenye kioo unaonekana vizuri. Kwenye printa nzuri unatoka kama unywele. Ukitoa fotokopi, na fotokopi ya fotokopi, unaanza kupotea. Karatasi zetu za ardhi na za mpakani huishi maisha yao yote katika fotokopi, kwa hiyo mstari wa unene sifuri haufai kabisa.

Ipo njia ya haraka. Fungua ukurasa mtupu na usichague kitu chochote. Halafu weka unene, rangi na aina ya mstari. Kila utakachochora baada ya hapo katika faili hilo kitafuata ulichoweka. Wengi wetu hukosea kwa kuchora kwanza na kurekebisha mstari mmoja mmoja. Ukifanya hivyo umebadilisha mstari ule tu, na unaofuata utarudi kuwa kama zamani.

Njia ya kudumu ni ya mitindo. Bonyeza F11, na orodha ya mitindo itajitokeza pembeni. Tafuta ule mtindo wa msingi wa michoro, ubonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuuhariri, kisha nenda kwenye sehemu ya mstari. Hapo weka unene unaotaka. Mimi natumia milimita 0.5 kwa mipaka na 0.25 kwa mingine, kwa sababu vipimo hivyo vyote vimo katika viwango vya kimataifa vya uchoraji, na jicho linautambua mnene na mwembamba bila shida.

Baada ya hapo tengeneza mitindo midogo chini ya ule wa msingi na uipe majina ya Kiswahili: Mpaka, Njia, Pendekezo. Mtindo mdogo hurithi kutoka kwa mkubwa kama mtoto kwa mzazi. Ukibadilisha rangi ya mzazi, watoto wote hubadilika, isipokuwa pale ambapo mtoto amewekewa ya kwake. Faida ni kubwa. Wakikuambia kesho kwamba njia zote zichorwe kwa nukta badala ya vistari, unabadilisha mtindo mmoja na mchoro mzima unafuata. Lakini mstari ambao uliuvuta na kuurekebisha kwa mkono hautafuata, nao ndio utakaokuaibisha.

Mwisho, hifadhi ukurasa huo mtupu kama kiolezo, na uweke alama kwamba kiwe kiolezo cha kuanzia. Kila mchoro mpya katika kompyuta hiyo utaanza na mistari yako. Kumbuka ni katika kompyuta hiyo tu. Ukienda kwenye duka la kuchapisha pale Nasser Road na kuanza mchoro mpya katika mashine yao, utakuta mistari yao. Faili ulilokwisha kuhifadhi hubeba mitindo yake ndani, na ukitaka kumtumia mtu bila wasiwasi, mtumie kwa PDF.

Wanaotumia Word au PowerPoint wachore mstari mmoja, waupambe wanavyotaka, waubonyeze kwa kitufe cha kulia, na humo watakuta amri ya kuufanya uwe mstari wa msingi. Hilo linahusu faili lile tu. Wanaotumia draw.io katika intaneti wachague mstari wao uliokamilika na kubonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na D.

Mambo matatu ya kuongezea kutokana na makosa yangu. Usitegemee rangi peke yake, kwa kuwa fotokopi hugeuza nyekundu na buluu kuwa kijivu kimoja. Tofautisha kwa unene na kwa kukatika. Vistari visiwe vifupi mno, vinaungana vikichapishwa. Na andika ufunguo wa alama kila mara, hata kama mistari ni miwili tu.

Nisieleweke vibaya. Mchoro wa kompyuta hauchukui nafasi ya mpima ardhi aliyesajiliwa. Anayetaka hati miliki lazima ampate mpima. Lakini mauziano mengi ya vibanja vyetu huandikwa kwenye karatasi ya kawaida mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa kijiji, na mchoro wa pembeni ndio unaofunguliwa ugomvi ukianza.

Tulivyomalizana

Kikao cha Kyotera kilikaa mara tatu. Kwa mpaka wa zamani hakukuwa na mabishano, maana luwaanyi ilikuwa imesimama. Palipokuwa hapana mmea, pale kwenye mgawanyo mpya, hapakuwa na shahidi mwingine isipokuwa karatasi yangu, na karatasi yangu ilikuwa bubu.

Katika kikao cha tatu nilisimama nikasema mbele ya wote kwamba mchoro ni wangu na kosa ni langu, jirani hakudanganya wala shangazi hakudanganya. Nadhani hilo lililainisha mambo. Mzee mmoja akapendekeza njia ifunguliwe, na mpaka usogee mpaka katikati ya mistari miwili iliyogombewa. Jirani akahamisha nguzo kwa gharama zake. Shangazi akapoteza ukanda wa hatua tatu na nusu, pamoja na mibuni minne iliyokuwa ndani yake. Hakuna aliyeridhika sana, lakini watoto walirudi kupita njia ya kisima siku iliyofuata.

Nilichora mchoro mpya usiku uleule kwa kompyuta ndogo niliyokwenda nayo. Mpaka wa zamani mnene na mzima. Mgawanyo mpya kwa kistari na nukta, hadi hapo luwaanyi itakapopandwa. Njia kwa vistari vifupi. Ufunguo chini, kwa Kiganda na kwa Kiswahili. Asubuhi nikauchapisha Kyotera mjini nakala tano, wakatia saini.

Kabla sijaondoka, shangazi alinipeleka kwenye ule mstari mpya. Alikuwa ameshakata vipande vya luwaanyi kutoka mpaka wa juu, ameviweka chini kila baada ya hatua chache, na jirani alikuwa mwisho wa mstari na jembe. "Karatasi yako ni nzuri safari hii," akaniambia, "lakini shika huo mmea tupande."

Tulipanda mpaka saa sita mchana. Nilipofika Mengo jioni, kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua kompyuta za darasani, moja baada ya nyingine, na kubadilisha ule mstari wa unene sifuri.